Kuonja bia kali iliyolazwa kwenye pipa, hatua kwa hatua

Bia nyingi tunazozizoea hupikwa ili zinywewe zikiwa changa na baridi. Hii ninayoieleza hapa ni ya ukoo mwingine. Ni eli nzito (eli ni bia inayochachushwa kwenye joto la kadiri, si baridini kama laga) yenye kilevi cha asilimia 10 hadi 15, ambayo ikishachachuka hulazwa miezi sita, mwaka au zaidi ndani ya pipa la mwaloni lililokwisha kuhifadhi wiski, sheri (mvinyo mkali wa Uhispania) au mvinyo wa kawaida. Haikati kiu. Hunywewa kidogo kidogo, jioni, na watu wawili watatu wanaogawana chupa moja. Anayeigugumia kama laga ya baridi ataiona nzito, tamu kupita kiasi na ya ghali bure, na kwa namna aliyoinywa atakuwa amesema kweli.

Kipimo changu kikuu nakitaja mapema kwa sababu hatua zote zinakielekea: pipa zuri huiacha bia ibaki bia. Ukimaliza glasi ukawa unakumbuka wiski peke yake, mpikaji amekuuzia pipa. Ukikumbuka kimea na matunda, kisha mti ukiwa nyuma yake, hapo kazi imefanyika.

Mfano nitakaoutumia ni Harvest Ale ya J.W. Lees, kiwanda cha familia kilichoanzishwa mwaka 1828 huko Middleton, pembeni mwa Manchester, Uingereza. Ilipikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986, na desturi yake ni kupikwa mara moja kwa mwaka kwa shayiri ya Maris Otter na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za East Kent Goldings za mavuno mapya. Kilevi chake ni asilimia 11.5. Nimeichagua kwa sababu bia hiyo hiyo moja imewahi kulazwa katika mapipa ya aina nne: la wiski ya Lagavulin, la sheri, la mvinyo wa Porto, na la Calvados, ile pombe kali ya matufaha kutoka Normandy, Ufaransa. Kwa mtu anayetaka kujua kipi ni cha bia na kipi ni cha pipa, sijaona darasa zuri kuliko hilo.

Hatua ya 1: Isome chupa kabla ya kuifungua

Tafuta mambo manne kwenye lebo: kiwango cha kilevi, mwaka wa kupikwa, aina ya pipa, na kama kuna kitu kilichoongezwa, mfano kahawa, vanila au kakao.

Aina ya pipa ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Sheria ya Marekani inataka wiski ya burboni ilazwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa moto kwa ndani. Pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa burboni, kwa hiyo viwanda huyauza. Mengi huvuka bahari kwenda Uskoti kulaza wiski ya kule, na mengine huishia kwa wapika bia. Ndiko ilikotoka Bourbon County Stout ya Goose Island, Chicago, stauti (bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa sana) iliyoanza miaka ya 1990 na kuwafungulia njia wapikaji wengi wa Marekani. Mapipa haya ni ya lita 200 hivi, ya mwaloni mweupe wa Marekani, ambao una wingi wa kemikali zinazonukia nazi. Mwaloni wa Ulaya, unaotumika sana kwa mvinyo, hutoa nazi kidogo na tanini nyingi zaidi, ile hali ya kukausha na kukaza kinywa.

Angalia pia kama lebo inasema bia imelala ndani ya pipa au imewekewa vipande vya mwaloni. Vipande hutoa harufu ya mti haraka, lakini bia haipati ile hewa chache inayopenya polepole kati ya mbao za pipa kwa miezi mingi, wala haipati pombe iliyonywewa na ubao. Si udanganyifu, ni kazi tofauti, na ihukumiwe kwa haki yake.

Kisha jiulize chupa imepitia wapi. Kwetu Afrika Mashariki, chupa kama hizi nyingi huja kwenye begi la ndugu anayerudi safari, zikakaa juu ya kabati sebuleni. Joto la Dar es Salaam au Mombasa huharakisha kuzeeka kwa bia. Chupa iliyokaa miezi michache kwenye nyuzi 30 inaweza kuonekana mzee kuliko dada yake aliyekaa miaka kwenye ghala lenye nyuzi 12. Mwanga wa jua nao hugombana na hopsi na kuzaa harufu ya kicheche, na chupa ya rangi ya kahawia huikinga bia vizuri kuliko ya kijani. Kama huna ghala lenye ubaridi, weka chupa kwenye friji, sehemu isiyo baridi sana, ikiwa imesimama.

Mwisho, piga hesabu ya kilevi. Chupa ya Harvest Ale ni ya mililita 275. Kwa asilimia 11.5 ina mililita 32 hivi za kilevi tupu. Tusker ya nusu lita, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Kwa hiyo kichupa hicho kidogo ni sawa na Tusker moja na nusu, na stauti ya mililita 330 yenye asilimia 14 inazizidi Tusker mbili. Mgawane. Na anayeendesha gari asionje.

Hatua ya 2: Chumba, glasi na joto

Onja mahali pasipo na harufu kali. Nyumba iliyofukizwa udi, jiko linalokaanga samaki, mtu aliyejipulizia manukato: vyote hivi vitaingia kwenye glasi yako. Usile pilipili wala kunywa kahawa karibu na muda wa kuonja. Weka mezani maji ya kawaida na mkate mkavu wa kusafishia kinywa.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana, kama ile ya brandi. Tumbo huipa harufu nafasi ya kupanda, mdomo huizuia isitawanyike. Ukiikosa, glasi ya mvinyo inatosha kabisa. Kikombe cha bati na glasi ndefu iliyonyooka havifai. Osha glasi kwa sabuni isiyo na manukato, suuza sana, iache ikauke yenyewe. Mafuta kidogo tu ya kitambaa cha jikoni huua povu.

Kuhusu joto, anza kwenye nyuzi 8 hadi 10 na ukubali bia ipande hadi 16 au 17. Ikiwa baridi ya friji, karibu nyuzi 4, harufu hulala na utaonja utamu na gesi tu. Vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, na huagiza chupa iachwe mezani saa nzima. Kwa mtu wa pwani, saa nzima mezani ni bia ya uvuguvugu. Hapa njia nzuri ni kumimina kidogo, mililita 60 au 70 tu, chupa ikarudi kwenye friji au ndoo ya maji yenye barafu kidogo. Glasi ikishapata joto unamimina nyingine baridi na kuzilinganisha. Kipimajoto cha jikoni kitakusaidia mwanzoni, mpaka mkono uzoee.

Hatua ya 3: Mimina utazame

Isimamishe chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie. Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni, na mwishoni inyanyue ili povu kidogo lijitokeze. Acha kidole kimoja cha bia chini ya chupa kama kuna masimbi ya hamira.

Usitegemee povu kubwa. Kilevi kingi na muda mrefu pipani hupunguza povu, na bia bora ya aina hii inaweza kuwa na duara jembamba tu pembeni ya glasi. Tazama rangi dhidi ya karatasi nyeupe. Harvest Ale changa ni ya kaharabu iliyokolea. Miaka ikipita huelekea kahawia ya sukari guru. Stauti huwa nyeusi na povu lake la hudhurungi. Ukungu kidogo si kosa. Vipande vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika ni dalili ya uzee mkubwa au mashapo yaliyotibuliwa, ingawa ladha bado inaweza kuwa salama. Zungusha glasi uone bia inavyoteremka ukutani: unene huo utaukumbuka ikifika kinywani. Usikae sana hapa. Macho hutoa ushahidi mdogo kwa bia hii, na pua ndiyo shahidi mkuu.

Hatua ya 4: Nusa, na unuse kwa zamu

Mnuso wa kwanza uwe mfupi, pua ikiwa juu ya mdomo wa glasi, bila kuzungusha. Kilevi kikali huchosha pua mapema. Ukizamisha pua na kuvuta kwa nguvu, mnuso wa pili hautakuambia kitu. Ondoa glasi, pumua hewa ya kawaida, rudi. Kisha zungusha kidogo, unuse tena kwa vipumzi viwili vitatu vifupi.

Tenga unachonusa katika mafungu matatu, ukianza na bia yenyewe. Kimea cha eli nzito hutoa mkate uliookwa, asali, sukari iliyoungua, karanga za kukaanga. Kikiwa cheusi hutoa kahawa na kakao. Uchachushaji huongeza matunda: tende, zabibu kavu, tini, ndizi iliyoiva sana. Hopsi zikiwapo zimeshatulia, zimebaki majani makavu au ganda la chungwa.

Fungu la pili ni mti. Pipa likichomwa, moto huvunja lignini, kitu kinachoupa ubao ugumu wake, na kutoa vanilini, kemikali ile ile ya vanila inayolimwa Uganda na Komoro. Laktoni za mwaloni, zile kemikali zinazonukia nazi, ndizo nazi iliyokaangwa. Na yujenoli, kemikali inayozipa karafuu za Pemba ukali wake, imo pia ndani ya mwaloni. Kwa hiyo msomaji wa pwani asijidharau mbele ya orodha za harufu zilizoandikwa na watu wa mbali. Pua iliyolelewa kwenye pilau, kashata na tende imeshajifunza nusu ya lugha ya pipa. Andika majina ya vitu unavyovijua. “Kashata ya nazi iliyoungua kidogo” ni maelezo sahihi kuliko tunda la baridi ambalo hujawahi kulimenya.

Fungu la tatu ni kilichokuwamo pipani kabla ya bia. Ubao hunywa pombe, na pombe hiyo hurudi ndani ya bia, ndiyo maana kilevi huweza kupanda baada ya kulazwa. Lagavulin hutengenezwa kisiwani Islay, Uskoti, kwa kimea kilichokaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasi inayochomwa kama kuni, na pipa lake hukupa moshi, chumvi ya bahari na harufu ya dawa ya kidonda. Sheri huleta njugu, zabibu kavu na ngozi. Porto huleta matunda mekundu. Calvados huleta tufaha lililookwa.

Sasa jiulize swali la msingi: mafungu haya yanazungumza kwa pamoja, au moja linawafunika wenzake? Ukilazimika kutafuta kimea chini ya vanila, liandike hilo papo hapo kabla hujaonja.

Hatua ya 5: Onja

Chukua funda dogo, mililita kumi hivi. Litandaze kinywani kote, likae sekunde tatu nne, kisha umeze na utoe pumzi kwa pua huku mdomo umefungwa. Pumzi hiyo ndiyo inayopeleka harufu kutoka kooni hadi puani, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hupatikana pale. Ndiyo sababu mojawapo inayowafanya waamuzi wa bia wameze badala ya kutema kama wa mvinyo, na ndiyo sababu wanaonja kidogo.

Funda la kwanza ni la kuamsha kinywa, usilihukumu. La pili lifuatilie kwa mpangilio: linaanzaje, katikati kuna nini, linaondokaje.

Mwanzo kwa kawaida ni utamu. Bia hizi zina sukari nyingi isiyochachuka, na utamu huo si kasoro ukipata wa kuukabili. Wanaoukabili ni wanne: uchungu wa hopsi, tanini ya mti, gesi, na kilevi chenyewe. Angalia ni nani anayefanya kazi hiyo. Harvest Ale ikiwa changa hutegemea hopsi. Ikikaa miaka mingi uchungu hupungua, na tanini pamoja na ladha ya sheri inayoletwa na hewa huchukua nafasi. Wakikosekana wote wanne, utamu hubaki peke yake na funda la tatu litakuchosha.

Kilevi kiwe cha kupasha joto kifua, kisiunguze koo. Hii ni tofauti kubwa. Joto laini linalokuja baada ya kumeza ni alama ya bia iliyochachushwa kwa uangalifu na kupewa muda. Mchomo unaoanzia ulimini, pamoja na harufu ya kiondoa rangi ya kucha, unaonyesha hamira iliteseka au bia imefunguliwa mapema mno.

Tanini ipime baada ya kumeza. Pitisha ulimi juu ya fizi. Ukavu mwepesi, wa chai ya rangi iliyokolea, husafisha kinywa na kuita funda jingine. Ukiwa wa bibo bichi, unaokaza mashavu, bia imekaa pipani kupita kiasi.

Halafu hesabu mwisho wake. Ladha inabaki muda gani, na inabaki ladha ipi? Hapa ndipo ninapotoa uamuzi wangu mara nyingi. Bia nzuri huanza na pipa na kumalizia na kimea: vanila inatoweka, mkate na tende vinabaki. Iliyoelemewa hufanya kinyume. Kimea kinapita haraka na kinachosalia ni ubao na pombe kali.

Hatua ya 6: Iache, urudi

Weka glasi chini dakika kumi. Zungumza na wenzako, kula kipande cha mkate. Bia ikipanda kutoka nyuzi 9 hadi 15 inakuwa karibu bia nyingine: matunda hufunguka, utamu huonekana zaidi, na kilevi hujitokeza. Rudi hatua ya 4 na ya 5 kwa kifupi, uandike kilichobadilika. Wengi huiruka hatua hii, nao hupoteza nusu ya walicholipia. Bia iliyojengwa vizuri huongezeka ikipata joto. Dhaifu hufichwa na ubaridi, na joto linapoipata husambaratika ikawa sharubati yenye pombe.

Hatua ya 7: Tafuta kasoro, ukizitofautisha na uzee

Hewa ni rafiki na adui wa bia hizi. Ikiingia kidogo kwa miaka, huleta sheri, lozi na ngozi, na wapenzi wa eli za kale wanalipia hayo. Ikiingia vibaya huleta karatasi iliyoloa, boksi la kadibodi, na ladha bapa isiyo na urefu. Karatasi ni kasoro hata kama chupa ina mwaka wa heshima.

Siki ni swali la pili. Ubao una vitundu vinavyohifadhi bakteria, na hewa ikizidi, bakteria wa asetiki hugeuza kilevi kuwa siki. Ukakasi mdogo unaweza kuipa uhai eli tamu, lakini ukinusa achari, pipa limeshinda. Siagi inayoteleza ulimini, pale ambapo mpikaji hakuikusudia, inaonyesha uchachushaji haukumalizika au bakteria wameingia.

Harufu ya banda la farasi au ngozi mbichi hutoka kwa Brettanomyces, hamira ya porini inayoishi kwenye mbao. Usikimbilie kuikataa. Mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alieleza kwamba hamira hiyo ndiyo iliyozipa eli za Kiingereza zilizohifadhiwa muda mrefu ladha yake ya pekee. Uliza kwanza kama mtindo wa bia unaikaribisha. Katika stauti tamu ya burboni ni mvamizi. Katika eli ya kale inaweza kuwa mwenyeji.

Hatua ya 8: Andika, kisha toa alama

Andika kabla hujasikia maoni ya wengine, kwani neno moja la mtu anayeheshimika mezani, “mdalasini”, litawafanya wote wanuse mdalasini. Halafu someni kwa zamu.

Kwa alama, mfumo wa BJCP, chama cha waamuzi wa bia kilichoanza Marekani mwaka 1985, unafaa hata nyumbani. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hali ya kinywani 5, na hisia ya jumla 10. Mgawo huo wenyewe unafundisha: harufu na ladha zinachukua 32, macho yanachukua 3. Kuanzia 38 bia ni bora, kuanzia 45 ni ya pekee. Mimi huongeza sentensi moja chini ya karatasi: kama pipa limeisaidia bia hii au la, na kwa ushahidi gani. Baada ya mwaka, namba hazitakukumbusha chochote, sentensi hiyo itakukumbusha.

Hatua ya 9: Linganisha

Ukipata nafasi, weka chupa ya kawaida pembeni ya ile ya pipa. Mimina mililita 40 za kila moja na uanze na ya kawaida. Yote utakayoyakuta humo ni mali ya mpikaji. Yatakayojitokeza kwenye glasi ya pili ni mali ya pipa, na yatakayokuwa yamepotea ndiyo gharama yake. Watu huhesabu kilichoongezeka na kusahau kuhesabu kilichopotea.

Kwa aina nne za Harvest Ale, mpangilio ni muhimu. Baada ya ya kawaida, nenda na Calvados kwa sababu tufaha ni jepesi, kisha Porto, kisha sheri ambayo inafanana mno na uzee wa bia yenyewe na inahitaji kinywa kinachomakinika. Lagavulin iwe ya mwisho kabisa, kwenye glasi yake peke yake. Moshi ukishakaa ulimini hauondoki kwa maji wala mkate, na chochote utakachoonja baada yake jioni hiyo kitakuwa na Islay ndani yake.